Mstari Mmoja Uliokula Asilimia 9 ya Bajeti: Kisa cha Maandalizi ya Filamu Huru

Mstari wenyewe ulikuwa huu: "Nje. Daraja la reli. Usiku. Mvua. Umati unakimbia, treni inapita, Mtoto anampotea Baba." Ulikuwa ukurasa wa 61 wa skripti yenye kurasa 94. Ukiusoma kwa sauti unakwisha kabla hujavuta pumzi ya pili. Nilipoitwa kwenye kazi hii kama msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, yaani mtu wa kupanga ratiba, zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya siku ya kwanza ya kushuti, na mstari huo hakuna aliyekuwa ameusoma akiwa na kalamu mkononi. Wote walikuwa wameusoma kwa moyo tu, na wote walikuwa wameupenda.

Naandika kisa hiki kwa sababu naamini filamu nyingi za watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao haziharibikii kwenye seti. Zinaharibikia mezani, katika zile wiki ambazo kila mtu anasema kazi bado haijaanza. Yetu nusura iharibikie hapo hapo.

Mtayarishaji wetu alikuwa ameanza hesabu kwa kuangalia alichonacho. Alijua ana fedha kiasi gani. Alijua mwigizaji wa Baba anapatikana siku 20 tu kabla ya kuingia kazi nyingine. Akatoa siku mbili za mapumziko, zikabaki 18. Fedha akazigawa kwa siku 18, akapata kiasi cha siku moja, akakijaza kamera, taa, chakula, usafiri na posho. Kwa juu juu hesabu ilikaa. Kurasa 94 kwa siku 18 ni kurasa tano na kidogo kwa siku, na filamu za bajeti ndogo hushuti kiasi hicho mara kwa mara. Kwa kanuni ya kazi, ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa sawasawa ni kama dakika moja ya filamu. Kwa hiyo yeye alikuwa anaiona filamu ya saa moja na nusu, imeshapangiwa na imeshalipiwa.

Kitu kimoja tu kilikosekana: mchanganuo wa skripti. Bajeti ilikuwa imetangulia mchanganuo, na makosa mengine yote yalizaliwa hapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, lakini lilikuwa la fedha peke yake. Daftari la filamu ni skripti yenyewe, imechambuliwa sini kwa sini (sini ni tukio moja, mahali pamoja, wakati mmoja) mpaka kila kitu kinachoonekana na kinachosikika kiwe na mtu wa kukileta.

Sehemu nane za ukurasa

Kazi hii huanza na rula. Kila ukurasa unagawanywa mara nane, na kila sini inaandikwa urefu wake kwa sehemu hizo: nusu ukurasa ni 4/8, ukurasa mmoja na robo ni 1 na 2/8. Hata sini ya mstari mmoja hupewa 1/8. Halafu kila sini inapata karatasi yake: nani yumo, ni wapi, ni mchana au usiku, nguo zipi, vitu gani vinashikwa mkononi, magari, wanyama, umati, majeraha ya kupakwa, sauti inayohitajika. Mwisho kila sini inakuwa ukanda mmoja mwembamba wenye rangi. Kwa desturi ya kazi, mchana wa ndani ni mweupe, mchana wa nje ni njano, usiku wa ndani ni bluu na usiku wa nje ni kijani. Siku hizi programu za kompyuta zinafanya haya yote, ila mzunguko wa kwanza mimi bado nachapisha, nakata kwa mkasi na kutandaza sakafuni. Rangi zikitandazwa mbele ya macho, shida inajionyesha kabla hujaanza kujumlisha.

Siku ile niliona kijani na bluu nyingi mno. Sini zilikuwa 118, lokesheni, yaani mahali pa kushutia, 23. Kurasa 31 zilikuwa za usiku: 15 za ndani, 16 za nje. Na katika kurasa hizo za usiku, 14 zilikuwa na Mtoto, aliyekuwa anaigizwa na msichana wa miaka saba.

Nikafika kwenye ukurasa wa 61. Urefu wa sini: 1/8. Karatasi yake ilijaa mbele nikageuza nyuma.

Usiku ulimaanisha taa za kumulika daraja zima, na jenereta la kuziendesha. Mvua ilimaanisha gari la maji, mabomba, na mafundi wake. Watu hudhani ukingoja mvua ya kweli utapata picha ya bure, lakini matone hayaonekani vizuri kwenye kamera mpaka yamulikwe kutoka nyuma, na mvua ya kweli haikubali kurudia shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatizwa. Mvua pia ilimaanisha nguo za Baba na za Mtoto ziwe seti tatu tatu, kwa sababu kila mkirudia inabidi waanze wakiwa wakavu. Umati ulimaanisha watu mia, na watu mia wanahitaji kusafirishwa, kulishwa, kupata vyoo, kuvalishwa, na kusimamiwa na mtu mwenye kipaza sauti na subira. Treni ilimaanisha kibali cha wenye reli, na ratiba ya treni haibadiliki kwa sababu ya filamu. Na juu ya yote, mtoto wa miaka saba, usiku, amelowa, katikati ya watu wanaokimbia.

Nilipoiwekea sini hiyo gharama zake, ikafika asilimia 9 ya bajeti yote na usiku mbili kamili za kazi. Ni 1/8 ya ukurasa. Katika hesabu ya mtayarishaji ilikuwa imechukua sehemu ndogo ya asubuhi moja.

Nilipopanga kanda zote kwa lokesheni, nikaweka saa za mapumziko kati ya siku na siku, na kuhesabu kuwa kila kuhama lokesheni katikati ya siku kunakula kama saa mbili, jumla ilitoka siku 26. Tulikuwa na 18. Nilirudia hesabu usiku kucha nikitafuta nilipokosea, kwa sababu sikutaka kuwa mgeni anayeingia na habari mbaya.

Kikao

Tulikaa watu watano: mwongozaji, mtayarishaji, mpigapicha mkuu, mwandishi wa skripti na mimi. Nilileta kanda zile, nikazitandaza mezani, nikamwomba mwongozaji mwenyewe azipange katika siku 18. Sikutaka aamini maneno yangu. Alipanga kwa dakika arobaini hivi. Alipomaliza, zilibaki kanda nyingi mkononi mwake na meza haikuwa na nafasi.

Njia zilikuwa nne. Kusogeza tarehe kungemaanisha kumpoteza mwigizaji wa Baba. Kutafuta fedha zaidi ndani ya wiki tano hakukuwa mpango, kulikuwa dua tu. Njia ya tatu ilikuwa kuanza kushuti tukitumaini kasi itapatikana humo humo, na hii ndiyo nimeiona ikichaguliwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu haihitaji mtu yeyote kukubali chochote siku hiyo. Kwa uzoefu wangu ndiyo inayoua filamu. Sini zinazokatwa siku ya 15 saa tano usiku, watu wakiwa wamechoka, hukatwa kwa sababu muda umeisha, na hakuna anayeuliza hadithi inahitaji nini. Mara nyingi ni zile za mwisho wa filamu, zilizobebeshwa maana yote.

Ya nne ilikuwa kukata skripti sasa, tukiwa na akili timamu.

Mwongozaji alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo nililitegemea: "Dada, daraja naomba uniachie. Tutakwenda alfajiri watu sita tu, bila umati, bila kibali. Dakika ishirini tumeshaondoka."

Hapo nilimsimulia kuhusu Sarah Jones. Tarehe 20 Februari 2014, kwenye daraja la reli katika jimbo la Georgia, Marekani, kikosi cha filamu kilikuwa kinashuti relini ilhali kampuni ya reli ilikuwa imekataa kutoa kibali. Treni ya mizigo ikatokea. Sarah, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27, alifariki hapo, na wenzake kadhaa wakajeruhiwa. Mwaka 2015 mwongozaji wa filamu hiyo alikiri makosa mahakamani akafungwa. Jina la Sarah nalisema kila ninapofanya kazi na watu wapya, kwa sababu alikuwa mtu wa cheo kama cha wengi wetu: aliitwa kazini, akaamini kwamba waliomtangulia wamekwisha uliza. Kibali ni ahadi ya mtayarishaji kwa mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao.

Mwongozaji hakubisha tena. Aliuchukua ukanda wa daraja, akaukunja, akauweka mfukoni.

Mwandishi alichofanya

Ningependa kusema wazo zuri lilitoka kwangu, lakini lilikuwa la mwandishi. Aliuliza swali moja: sini hii inampa nini mtazamaji? Jibu lilikuwa kwamba Baba anagundua, kwa mara ya kwanza, kuwa anaweza kumpoteza binti yake. Akauliza tena: je, ugunduzi huo unahitaji daraja?

Siku tatu baadaye alileta sini mpya. Baba yuko jikoni, usiku. Anaosha vyombo huku akiongea na Mtoto aliye mezani nyuma yake. Treni inapita kwa mbali, tunaisikia tu. Kelele inapanda mpaka inafunika sauti yake. Inapokwisha, Baba anageuka. Kiti ni kitupu, mlango uko wazi. Ilikuwa ukurasa mmoja kamili, yaani mara nane ya ule mstari, na gharama yake ilikuwa karibu sawa na ya sini yoyote nyingine ya jikoni.

Baada ya hapo kukata kulikuwa rahisi zaidi, maana mwongozaji alikuwa ameonja jinsi kunavyoweza kuongeza. Lokesheni zilishuka kutoka 23 hadi 14 kwa kuuliza kila mara: watu hawa lazima wakutane hapa, au wanaweza kukutana mahali ambapo tayari tupo? Kurasa zikawa 81, yaani nne na nusu kwa siku.

Usiku ndio uliotaka ujanja zaidi. Zile kurasa 15 za usiku wa ndani tulizishuti mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi kutoka nje, na mpigapicha akiweka taa kati ya kitambaa na kioo ili dirisha lipate mwanga wake wa usiku. Hili lilimwokoa Mtoto. Sehemu nyingi duniani sheria inaweka kikomo kwa watoto waigizaji. Kwa mfano California, mtoto wa miaka sita hadi minane, siku za shule, anaruhusiwa kukaa eneo la kazi saa nane, na kati ya hizo za kuigiza ni nne tu. Tuliamua kujipimia kwa kipimo hicho hicho cha saa nne. Ukishaamua hivyo, ratiba inageuka: unaanza na shoti za mtoto, unamruhusu aende, halafu shoti za kumtazama Baba unazifanya mtu mzima akiwa amekaa kwenye kiti cha mtoto kumpa mwigizaji mahali pa kuelekeza macho.

Kurasa za usiku wa nje zilibaki nne tu, zote bila Mtoto. Tuliziweka usiku mbili mfululizo kabla ya siku ya mapumziko. Ukiweka usiku mmoja katikati ya wiki, kesho yake huwezi kuita watu asubuhi bila kuwanyima usingizi, na nusu siku inapotea bila mtu kuiona kwenye karatasi. Sini mbili za nje alizokuwemo Mtoto tukazihamishia machweo. Mwanga ule haudumu, kwa hiyo ni shoti moja kwa siku, imefanyiwa mazoezi mchana wote mahali pale pale.

Fedha tulizookoa kwa kukata hazikurudi mfukoni mwa mtu. Bajeti ya awali ilikuwa na akiba ya dharura ya asilimia 3, nami siwezi kulala na akiba chini ya 10. Asilimia 7 ikaenda huko. Mbili zilizobaki zikalipia mazoezi ya waigizaji na siku mbili zaidi za mtu wa sauti.

Siku hizo mbili za mtu wa sauti zilikuja kabla ya kushuti, na ningezipigania tena. Nyumba tuliyoichagua ilikuwa nzuri kwa macho. Tulikuwa tumeikagua Jumapili mchana, mpigapicha akapima jua linakoingia, wote tukaridhika. Mtu wa sauti alikataa kusaini mpaka arudi Jumanne, saa ile ile tutakayoshuti. Akakaa jikoni kimya, macho yamefumbwa, daftari mapajani. Saa nne kasoro robo mashine ya karakana ya jirani ikaanza kuunguruma, na haikuzimwa mpaka mchana. Friji ya jikoni nayo ilikuwa na mlio ambao sikio linauzoea ila maikrofoni haiuzoei. Friji ni kuzima, na kuweka funguo za gari ndani yake ili msisahau kuiwasha mkiondoka. Karakana ilitaka mazungumzo ya heshima na mwenyewe, na ratiba iliyopeleka sini zote za maneno baada ya saa saba.

Kuhusu makaratasi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa yanachosha kuandika ingawa bila hayo filamu haiuziki. Mwandishi hakuwa amesaini mkataba wa kukabidhi haki za skripti; alisaini siku sita kabla ya kuanza. Baba alikuwa anaimba wimbo maarufu katika sini mbili. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na hata ukiuimba wewe, ile ya utunzi inabaki kwa mwenye wimbo. Tulitunga wetu.

Nilipokosea mimi

Ratiba yangu ya kwanza haikuwa na sini za akiba. Mpigapicha ndiye aliyeuliza, kwa upole: "Ikinyesha siku ya nne, dada, tunafanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemaliza sini zote za jikoni katika wiki ya kwanza kwa sababu ilipendeza kwenye karatasi. Tukarudi tukazigawa: sini mbili za jikoni zikaachwa kwa makusudi mpaka nje kote kumalizike. Siku ya 11 mvua ilianza kabla ya chakula cha mchana. Tulihama ndani, tukapoteza saa mbili badala ya siku nzima.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika kukata, nilishikilia kwamba sini ya 74 iondoke. Baba na Mtoto wamekaa kwenye benchi la hospitali wakisubiri. Hakuna anayesema neno. Ilikuwa 6/8, lokesheni ya peke yake, na nilisema haisogezi hadithi. Mwongozaji alisitasita, lakini tulikuwa tumekata vingi vizuri na mimi nilikuwa na sauti ya mtu aliyekuwa sahihi wiki nzima. Akakubali.

Tulimaliza kwa siku 18, akiba ikiwa imebaki asilimia 4. Mhariri alipounganisha filamu, aliniita akanionyesha pengo: ugomvi, halafu upatanisho, na katikati hakuna kitu. Hakuna mahali ambapo mtazamaji anakaa nao tu. Alichokuwa anakitafuta ni sini ya 74.

Miezi miwili baadaye tulipata nusu siku ya mwigizaji wa Baba, ukumbi mtupu wa hospitali na watu wanne wa kazi. Akiba ililipia yote. Mtoto alifika akiwa na nguo zile zile, amesukwa kama picha za mwendelezo, zile zinazopigwa ili mwigizaji afanane siku zote, zilivyoonyesha, akatabasamu kutusalimia. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Mwongozaji aliinama akamsalimia vizuri, kisha akahamisha kamera nyuma ya benchi. Katika filamu sini hiyo ni shoti moja ya dakika moja kasoro: mgongo wa Baba, na kichwa cha binti yake kimeegemea mkono wake.